Kozi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwa wauguzi, siku mbili Upanga, Dar es Salaam: hela yangu imerudi, ila si yote

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa niliporudi wodini. Shilingi 150,000 kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, chai na chakula cha mchana humo humo, kijitabu, rula ya plastiki ya kupimia mapigo, na cheti chenye pointi za CPD, zile za kujiendeleza kitaaluma. Nauli na malazi ni juu yako. Mimi nilipanda basi kutoka Tanga nikajihifadhi kwa shangazi Magomeni, kwa hiyo gharama yangu haikupanda sana. Anayetoka Kigoma au Songea apige hesabu zake vizuri kabla hajatuma hela.

Waandaaji siwataji. Ninayowalalamikia ni mambo wanayoweza kuyarekebisha kabla ya awamu ijayo, na kozi za namna hii zinazotangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wauguzi zimekuwa nyingi. Bora ujue cha kuangalia kuliko kujua jina. Wakufunzi walikuwa manesi wawili wa ICU, kaka mmoja wa idara ya dharura mwenye utani mwingi, na daktari bingwa wa moyo aliyefika Jumapili tu.

Mimi niko wodi ya wanawake ya magonjwa ya ndani, yenye chumba cha uangalizi maalumu cha vitanda vinne. Monita zinazofanya kazi ni mbili. Mashine ya ECG tumepewa msaada. Usiku daktari wa zamu ni mmoja na anahudumia jengo zima. Sisi si Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kozi hii naipima kwa kipimo kimoja tu: itanifaa nini saa nane ya usiku, kwa vifaa na dawa zilizopo kwenye troli yetu?

Jumamosi asubuhi ilinifaa kuliko nilivyotarajia, na ilikuwa ni kuhusu kubandika nyaya tu. Najua kuna atakayeguna: nyaya nani hajui? Kaka wa dharura alileta mashine mbili, akaziweka mezani bila kusema kitu, akatuomba tuziunganishe. Moja ilikuwa na rangi tulizofundishwa chuoni: nyekundu mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Ya pili ilitengenezwa kwa mfumo wa Marekani: nyeupe mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, kijani mguu wa kulia, nyekundu mguu wa kushoto. Fikiria hospitali yenye mashine za msaada kutoka pande zote mbili, na nesi aliyekariri rangi. Nyeusi ya huku ni mguu, nyeusi ya kule ni mkono. Karatasi itatoka, michoro itapanda na kushuka kama kawaida, na daktari ataanza kuitafsiri. Ujanja aliotupa ni wa bure: soma herufi zilizoandikwa kwenye waya, usifuate rangi, na ukiona kwenye lidi ya kwanza kila kitu kimepinduka kichwa chini, rudi kaangalie mikono kabla hujamtangazia mtu ugonjwa.

Kisha tukafanyiana sisi kwa sisi. Hapa niwapongeze: wanawake tulipewa chumba chetu, kanga zikawepo, na mlango ukafungwa. Tulihesabu nafasi za mbavu kwa vidole, nafasi ya nne kulia na kushoto mwa kidari kwa vibandiko vya V1 na V2, ya tano chini ya katikati ya mtulinga kwa V4, halafu V3 katikati yao, kisha V5 na V6 pembeni kuelekea kwapani. Sista wa ICU alisisitiza kwamba kwa mwanamke V4 inakwenda chini ya titi na si juu yake, na kwamba aibu ya nesi isiwe sababu ya kipimo kibovu. Alizungumzia pia jasho. Sisi wa pwani tunajua vibandiko vinavyoteleza. Futa ngozi kwa gozi kavu, sugua kidogo, na usiache pakiti ya vibandiko wazi, kwa sababu ile jeli inakauka na kibandiko kikikauka ni stika tu.

Kuhesabu mapigo kulifundishwa haraka lakini vizuri. Hakikisha chini ya karatasi pameandikwa milimita 25 kwa sekunde, kwani ziko mashine ambazo mtu amezibadilisha zikawa 50 na mapigo yote yanaonekana ya polepole. Mraba mdogo ni sekunde 0.04, mkubwa 0.2. Mapigo yakienda sawasawa, gawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya pigo na pigo. Yakiwa hayana mpangilio, hesabu mapigo ndani ya miraba mikubwa 30, ambayo ni sekunde 6, uzidishe kwa 10. Basi. Mtu aliyekuja na hofu ya hesabu alitulia.

Halafu tukala pilau, na baada ya pilau ikaja ile sehemu ambayo ningeomba nirudishiwe hela yake.

Mchana mzima tulionyeshwa slaidi, moja baada ya nyingine: kila aina ya kuziba kwa njia ya umeme wa moyo, magonjwa ya kurithi yenye majina ya Wazungu, chati za Marekani zenye mishale, zote kwa Kiingereza na kwa mwendo wa basi lililochelewa. Kiyoyozi kilikuwa kikali, watu wakajifunika vitenge, wengine wakalala waziwazi. Tulipofika kwenye SVT, yale mapigo ya ghafla yanayokimbia 150 mpaka 250 kwa dakika, mkufunzi akasema dawa ni adenosini, miligramu 6 kwa kusukuma haraka kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, ikifuatiwa hapo hapo na maji ya chumvi, kisha 12 isipofaa. Ni sahihi. Akauliza nani anayo kwenye troli yake. Mikono ikainuka michache sana. Akasema, "Haya, tuendelee," na kweli akaendelea. Hapo ndipo palikuwa pa kusimama! Ukumbi umejaa watu wasio na dawa unayoifundisha, unakwendaje slaidi inayofuata?

Aliyeokoa jahazi ni kaka wa dharura, aliyedakia kutoka nyuma ya ukumbi. Akachukua bomba la sindano la mililita 10, akamlaza mwenzetu nusu kukaa, akamwambia apulize ndani ya bomba kwa nguvu ya kutosha kuisukuma ile plastiki ya ndani, kwa sekunde 15. Alipomaliza tu, akamlaza chali na kumwinua miguu nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine. Njia hii ilipimwa Uingereza na matokeo yake yalichapishwa 2015: kati ya wagonjwa wa SVT waliofanyiwa hivyo, asilimia 43 mapigo yao yalirudi kawaida, dhidi ya asilimia 17 kwa kupuliza bila kuinuliwa miguu. Haihitaji bohari ya dawa. Inahitaji bomba, kitanda, mtu wa kushika miguu, na mgonjwa ambaye presha yake bado imesimama. Kwangu mimi dakika zile kumi zilizidi slaidi zote za mchana ule.

Jumapili ndiyo kozi yenyewe. Kama wangeuza Jumapili peke yake ningelipa bei ile ile.

Daktari wa moyo alianza na potasiamu, na akakaa kwenye potasiamu asubuhi karibu yote. Wengine walinong'ona kwamba walitarajia mambo makubwa zaidi. Mimi nilitaka kumpigia makofi, kwa sababu mapigo mabaya tunayoyaona wodini mara nyingi yanaanzia kwenye figo, tumbo au dripu, na moyo wenyewe unaponzwa tu. Alionyesha ECG ya mgonjwa wa figo aliyekosa dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine): wimbi la T limechongoka kama hema, la P limepotea, QRS imeanza kutanuka. Hayo ni majina ya sehemu za mchoro wa pigo moja: P, kisha QRS, kisha T. Akatuuliza kinachofuata. Tukataja dawa. Akasema hapana, nataka mpangilio. Kalsiamu glukoneti kwanza, kwa amri ya daktari na monita ikiwa imewashwa, kwa sababu inaulinda moyo ndani ya dakika chache ingawa haipunguzi hata chembe ya potasiamu. Kisha insulini pamoja na glukosi ya kuisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Kisha dialisisi iitoe kabisa. Na hapa akatugeukia sisi: insulini ikishaingia, ni nani anayepima sukari saa nzima baadaye, na saa inayofuata? Daktari ameshaondoka. Ni wewe. Akaongeza kwamba kalsiamu na bikaboneti zisipite kwenye mrija mmoja, zinagandana na kuwa chokaa.

Upande wa pili, potasiamu iliyoshuka: mama aliyeharisha siku kadhaa, au mgonjwa wa moyo kushindwa anayekojoa mfululizo kwa furosemidi. Mapigo ya ziada yanaanza kuchomoza, wimbi la T linalala, wimbi dogo la U linajitokeza nyuma yake. Kloridi ya potasiamu haisukumwi kwa sindano kwenye mshipa, kamwe, kwa sababu yoyote ile. Inachanganywa kwenye dripu, inatikiswa vizuri, inakwenda polepole kwa kasi iliyoandikwa. Na kama mgonjwa huyo huyo anakunywa digoksini, dawa ya moyo inayopunguza kasi ya mapigo, hatari ni mara mbili, maana potasiamu ikishuka digoksini ile ile ya jana inageuka sumu leo. Anayelalamika kichefuchefu na kuona rangi ya manjano, mapigo yake 48, hapewi dozi ya saa mbili asubuhi kwa sababu tu imeandikwa kwenye chati. Unaizuia, unaandika kwa nini, unamwita daktari.

Kutoka hapo akaingia AF. Kwa wasiokuwa wauguzi: vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukaza, na mapigo yanakuja bila mpangilio wowote, P haionekani. Kwenye vitabu vya Ulaya picha ni mzee wa miaka 75. Wodini kwetu mara nyingi ni dada wa miaka thelathini na kitu, mwenye vali ya mitro iliyobana kwa homa ya rumatiki aliyougua utotoni bila kujua. Nilifurahi sana kuona mkufunzi anafundisha kwa mgonjwa wetu. Alituonyesha kwa nini namba ya kidoleni inadanganya: mapigo mengine ni dhaifu, hayafiki mkononi. Tukafanya zoezi la wawili wawili, mmoja na stetoskopu kwenye kilele cha moyo, mwingine kwenye kifundo cha mkono, mkitazama saa ile ile kwa dakika nzima, kisha mnalinganisha. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo unaloliripoti.

Damu inayotuama kwenye vyumba vile inaganda, na bonge likienda kwenye ubongo mgonjwa anaamka amepooza upande. Kwa hiyo warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inavyofanya kazi, iwe kati ya 2 na 3. Kuna aliyeuliza kwa nini tusitumie vidonge vipya visivyohitaji kupima damu kila mara. Daktari akajibu kwa utafiti uliochapishwa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa AF iliyotokana na moyo wa rumatiki, wakiwamo wa Afrika: waliopewa dawa za kundi la warfarini walipata madhara na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroxaban, mojawapo ya vidonge hivyo vipya. Jibu limenyooka, na ni jibu ninaloweza kumpa mgonjwa anayechoka kuchomwa sindano kliniki. Akatukumbusha pia kuwauliza hawa dada kuhusu ujauzito, kwa kuwa warfarini na mimba changa haviendani. Sista mmoja wa kliniki ya wajawazito akaandika hilo kwa herufi kubwa, nilimwona.

Mchana ulikuwa wa mazoezi, na hapo kasoro yao kubwa ikajitokeza: watu zaidi ya 30, mwanasesere mmoja, mashine ya kushtua moyo moja. Unasubiri zamu yako kama uko kwenye foleni ya NIDA. Lakini ikifika, inafaa. Walituwekea kwenye skrini michoro ya mtego. Mmoja ulionekana VF kabisa (vyumba vya chini vya moyo vinatetemeka bila kusukuma damu), vurugu tupu, na mtu wa kundi letu akashika pedi za kushtua. Kaka wa dharura, akiigiza mgonjwa, akasema, "Dada, mimi natetemeka kwa malaria, blanketi liko wapi?" Mwingine ulikuwa mstari mnyoofu, na waya umechomoka.

Kuna jambo ambalo filamu zimetuharibu: mstari mnyoofu haushtuliwi. Wanaoshtuliwa ni wa VF na wa VT isiyo na mapigo, yaani vyumba vya chini vinakimbia mno lakini shingoni hakuna pigo. Mstari mnyoofu wa kweli, au michoro inayopendeza bila mapigo shingoni, ni kukandamiza kifua, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na adrenalini miligramu 1 kila baada ya dakika 3 mpaka 5, huku mnatafuta chanzo. Na anayeshtuliwa naye, oksijeni isogezwe pembeni, kila mtu aachie kitanda, na shoti ikishapigwa mikono inarudi kifuani papo hapo kwa dakika 2. Hakuna kusimama kuitazama skrini. Kila kundi lilisimama kuitazama skrini, na kila kundi likafokewa.

Zoezi nililolipenda kuliko yote lilikuwa la simu. Sista wa ICU alikaa chumba cha pili akajifanya daktari wa zamu aliyelala. Unapiga, anapokea kwa sauti nzito.

"Enhe?"

"Samahani dokta, mgonjwa wa kitanda namba tatu hali yake si nzuri."

"Si nzuri vipi? Nakuja asubuhi." Anakata.

Unarudia. Mara ya pili unataja jina lako na wodi, mgonjwa ni nani na amelazwa kwa nini, mapigo 38, presha 80 kwa 50, amechanganyikiwa kuanzia dakika kumi zilizopita, ECG nimeshapiga na picha nimekutumia, mshipa uko wazi, atropini ya kuongeza mapigo iko mkononi, naomba amri ya miligramu 1 na naomba uje sasa. Hapo anasema, "Mpe, nashuka." Ukumbi ulicheka mpaka machozi, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kukatiwa simu ile. Hata daktari wa moyo alicheka, ila yeye kidogo alijikunja.

Waligusa kengele za monita kwa ufupi, nami ningependa wakae hapo zaidi. Monita inayolia ovyo huzimwa sauti, huo ndio ukweli wa wodi nyingi, na monita iliyozimwa sauti ni televisheni. Walichosema kilitosha kuanzia: weka mipaka kwa kila mgonjwa kulingana na hali yake wakati wa kupokezana zamu, badilisha vibandiko kila siku, na kengele ya mapigo ya hatari isizimwe na mtu yeyote kwa kisingizio chochote.

Malalamiko yaliyobaki. Kijitabu ni cha Kiingereza mwanzo mwisho, wakati ukumbini walifundisha kwa Kiswahili safi na tulielewa. Michoro ndani yake imetolewa fotokopi ya fotokopi, miraba midogo haionekani, sasa ile rula waliyotupa tunapimia nini? Mtihani wa mwisho ni wa kuchagua herufi na hakuna aliyefeli, jambo linalonifanya nikitazame cheti changu kwa jicho la pembeni. Grupu la WhatsApp la baada ya kozi ni zuri, kila jioni mtu anatupia ECG tunaijadili, ila kuna aliyeweka karatasi yenye jina kamili la mgonjwa na namba ya faili. Ilifutwa, sawa, lakini sheria ya kuziba majina ilipaswa kutangazwa siku ya kwanza.

Wodini kwetu tumeshabandika chati ya mifumo miwili ya rangi za nyaya ubavuni mwa mashine, imefunikwa kwa plastiki, na wagonjwa wa AF tunawahesabu wawili wawili kabla ya digoksini. Matroni amekubali bomba za mililita 10 zikae kwenye droo ya juu ya troli ya dharura. Vitu vidogo, na hakuna hata kimoja kilichohitaji bajeti.

Kama uko wodi ya magonjwa ya ndani, dharura, dialisisi au wazazi, nenda. Aliye ICU ya hospitali kubwa ataona nusu ya mambo anayajua. Na kama hospitali ndiyo inalipa, waombe wakupeleke na mwenzako wa zamu yako, maana zoezi la kuhesabu mapigo haliwezekani kwa mtu mmoja. Kabla ya kutuma hela piga namba iliyo kwenye tangazo uulize mambo mawili: wanasesere ni wangapi safari hii, na kijitabu kimechapishwa upya au bado. Wakikwambia bado, nenda hivyo hivyo, ila beba sweta kwa ajili ya ule mchana wa Jumamosi.